Midomo ya Bi Radi

Kwa wale ambao gazeti la wiki jana liliwafikia likiwa limeshafungia vitumbua, ngoja niwapitishe haraka haraka.

Mimi ndiye Hosea, mpiga picha za pasipoti wa Kilindoni, yule aliyejitia wazimu wa kutengeneza katuni ya wanasesere. Si katuni ya watoto. Ni ya watu wazima na ndoa zao, ina mashujaa wenye nguvu za ajabu na akili za ovyo. Unamfinyanga shujaa kwa udongo, unampiga picha, unamsogeza mkono kidogo, unampiga tena. Ukishazipitisha picha zote kwa kasi kwenye kompyuta, udongo unatembea. Unahangaika wiki nzima ili mtu apige chafya moja.

Wiki jana niliwaeleza jinsi sisimizi walivyomla mguu Kapteni Kishindo, shujaa wangu mkuu. Nilikuwa nimeukanda udongo wake kwa unga wa ngano na mafuta ya nazi, ili usipasuke kwa joto la taa. Kweli haukupasuka. Uliliwa. Ndiyo maana shujaa anayebeba nyumba kwa kidole kimoja anachechemea katuni nzima, na sina la kufanya.

Hayo yalikuwa mepesi. Ya wiki hii yamenivua nguo mbele za watu.

Mke wangu anaitwa Matilda, ni muuguzi. Sote ni watu wa Njombe. Kazi yake ndiyo iliyotuleta kisiwani Mafia, mimi nilifuata nyuma na kamera shingoni. Binti yetu, Upendo, tulimwacha huko huko Njombe kwa bibi yake, anasoma.

Sasa nawaambia jambo ambalo mpaka Jumamosi iliyopita tulilijua watu wawili tu, mimi na Warda. Warda ni binti wa jirani, msusi wa mikeka. Udongo ukiingia mikononi mwake unatii. Yeye ndiye aliyefinyanga vichwa vyote, na yeye ndiye aliyeingiza sauti za wanawake, mimi za wanaume, zote kwenye simu yake.

Jambo lenyewe ni hili. Kapteni Kishindo ana mke, anaitwa Bi Radi. Nguvu zake Bi Radi ni kutambua uongo. Mtu akidanganya mbele yake, nywele zinamsimama na cheche zinamtoka kichwani. Nyumbani kwa Kishindo, kwa hiyo, taa haizimiki.

Na kila neno analolisema Bi Radi ni la Matilda.

Kila ugomvi wa nyumbani kwangu niliutia kwenye katuni. Tena si maneno peke yake. Mwanasesere wa udongo hawezi kufungua kinywa, ni lazima umbandike mdomo. Unabandika wa kusema "a", unapiga picha, unaubandua, unabandika wa kusema "o". Kuijua midomo hiyo ni lazima umtazame mtu anaposema. Basi Matilda akianza kunigombeza, mimi natulia tuli, nimemkazia macho mdomoni, napima kila neno linavyotoka.

Yeye alidhani namsikiliza.

Siku moja alikuwa anafua. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa suruali yangu, akaibuka na midomo minne myekundu.

"Hosea."

Akiniita baba Upendo, nyumba ina amani. Akiniita Hosea, natafuta viatu.

"Naam, mke wangu."

"Midomo ya nani hii?"

"Ya Bi Radi."

"Bi Radi ni nani?"

"Mke wa Kishindo."

"Ahaa. Na midomo ya mke wa mtu inatafuta nini kwenye suruali yako?"

Nilieleza mpaka jasho likanitoka. Nilipomaliza kueleza nilikimbilia studio, nikaifinyanga sentensi ile ile kabla sijaisahau.

Mwanzoni mwa mwezi Matilda akapata nafasi ya kuhamia Njombe, karibu na mtoto. Aliniambia jioni, amesimama mlangoni, bado ana sare ya kazini. Mimi nilikuwa namchokonoa nyusi Kapteni Kishindo kwa njiti ya kibiriti.

"Wanataka jibu langu Jumatatu ya mwisho wa mwezi," akasema.

"Huendi popote," nikasema, wala sikuinua macho.

"Sawa."

Akaingia ndani. Tangu jioni ile hakunigombeza tena. Nikirudi nimechelewa, sawa. Nikisahau chumvi, sawa. Nami, mjinga wa wajinga, nikawa nalalamika moyoni kwamba nimekosa midomo ya kuigiza.

Basi tufike Jumamosi. Jumatatu yenyewe ya jibu ilikuwa inafuata, na Jumamosi hiyo mchana ndipo katuni ilikuwa inaonyeshwa kwa mara ya kwanza, pale kwenye kibanda umiza cha Shaibu, anapoonyesha filamu na mpira, karibu na soko. Tangazo lilikuwa limeshapita kwa kipaza sauti juu ya pikipiki, Kilindoni nzima mpaka njia ya Kanga.

Asubuhi nikamwona Warda anakuja mbio, mtandio mkononi.

"Shikamoo kaka Hosea."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Nimefuta."

"Umefuta nini?"

"Sauti. Zote."

Nikakaa chini. Sikuchagua pa kukaa, nilikaa juu ya ndoo ya udongo.

Kumbe jana yake watu wa upande wa Muhidini, kijana anayemtaka Warda, walikuja kwao kuposa. Wazee wamekaa mkekani, kahawa inazunguka, mambo yanakwenda vizuri. Bibi yake Warda, Bi Mwanahalima, akaona awafurahishe wageni kwa kaswida. Akaichukua simu ya mjukuu wake pale dirishani, akabonyeza anapopajua yeye. Badala ya kaswida akatoka Bi Radi:

"Umerudi umelewa tena! Na suruali umeiacha wapi, wewe mwanamume usiye na haya?"

Ami yake Muhidini akakiweka chini kikombe cha kahawa.

"Hii sauti si ya binti yetu hii?"

"Ni redio hiyo, baba," akasema Bi Mwanahalima.

"Redio inauliza suruali?"

Warda akatoka uani akiwa kajifunika uso, akainyakua simu, akafuta kila kitu, akairudisha ikiwa tupu. Wazee wakaikagua. Posa ikapona.

"Sasa ningefanyaje, kaka?" akaniuliza, machozi yanamlengalenga. "Muhidini au Bi Radi?"

"Hukubakiza hata kidogo?"

"Nibakize, niingie nazo kwa mume?"

Nami nilikuwa sijazihamishia kwenye kompyuta hata moja, nilikuwa nangoja zikamilike. Nikampa hongera ya uchumba. Ilinitoka kwa shida, lakini nilimpa.

Nikaenda kwa Shaibu kumwambia tuahirishe. Shaibu mnamjua, yule anayetafsiri filamu za Kichina papo hapo na kipaza sauti mkononi, na Kichina hajui hata salamu. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Fundi Hosea, wasiwasi wa nini? Wachina wote wale nimewasemesha Kiswahili, nishindwe na udongo?"

"Shaibu, hii ina maneno yake."

"Na mimi nina yangu. Wewe niwekee picha tu."

Mchana kibanda kikafurika. Wavuvi, wauza samaki, bodaboda, watu wa ofisini waliovua tai, akina mama na vitenge vyao. Joto usiseme. Nikapitisha macho safu kwa safu kuhakikisha Matilda hayumo. Hayumo. Alikuwa zamu. Nilikuwa nimeichagua Jumamosi ile kwa sababu hiyo hiyo.

Shaibu alipokuwa anafunga pazia la mlango, likafunuliwa. Akaingia Matilda na sare yake nyeupe, akaketi benchi la pili.

"Mke wangu! Si uko kazini?"

"Nimebadilishana na Victoria," akasema. "Nimekuja kumwona huyo mke wa mtu."

Nikaketi kwenye benchi lililo karibu na mlango.

Picha ikaanza. Kapteni Kishindo anachechemea ufukweni pamoja na mwenzake Kivuli, shujaa asiyeonekana. Shida ya Kivuli ni pumu. Adui hamwoni, lakini anamsikia anavyokohoa. Wakatazama baharini, wakamwona papa potwe, yule mkubwa ambaye watalii huja kuogelea naye. Kishindo akadhani anazama. Akaruka majini, akambeba samaki mzima mabegani, akamleta nchi kavu.

"Usiogope, samaki!" Shaibu akanguruma kwenye kipaza sauti. "Nimefika! Hutakufa maji mbele yangu!"

Watu wakaangua kicheko. Mvuvi mmoja mbele akasimama kabisa.

"Mrudishe huyo, mpumbavu we! Watu wa Hifadhi ya Bahari watatuchukulia nyavu!"

Papa anapapatika, Kishindo anamfuta maji kwa taulo. Anavyozidi kumfuta ndivyo anavyozidi kulegea. Shaibu akawa anakohoa upande wa Kivuli, ananguruma upande wa Kishindo, na katikati anapachika tangazo la sambusa za Bi Mwanasiti pale nje, bado za moto. Nikaanza kupumua. Nikajisemea, Hosea, umetoka.

Ndipo akatokea Bi Radi.

Amesimama mlangoni, mkono mmoja kiunoni, nywele wima, cheche zinaruka. Kishindo anaingia na taulo lake lililolowa. Bi Radi anainua kidole, anagonga meza mara tatu, anainamisha kichwa upande mmoja, mdomo unaanza kwenda.

Shaibu akabana pua, akatoa kisauti chembamba.

"Ewe mume wangu kipenzi, karibu chakula!"

"Aaaa!" kibanda kizima kikapiga kelele.

"Shaibu, muongo! Huyo anatukana!"

"Mdomo unakwenda wa kwake, sauti inakwenda ya kwake!"

"Ka... karibu wali wa nazi!" Shaibu akajitahidi. Mdomo wa Bi Radi ukawa bado unakwenda, yeye kashamaliza. Akaongeza na mchuzi. Akaongeza na kachumbari. Mdomo hauishi.

"Toa hiyo, weka mpira!" mtu akapayuka nyuma, na wengine wakadaka. Mpira! Mpira! Mabenchi yakaanza kugongwa. Nikaiona kazi yangu yote inakwenda na maji.

Ndipo ikatoka sauti benchi la pili. Haikuwa kubwa.

"Umetoka asubuhi kununua chumvi. Jua hilo linazama. Chumvi iko wapi?"

Kila neno likakaa juu ya mdomo wa Bi Radi. Sauti ile haikutangulia wala haikubaki nyuma.

Kibanda kikalipuka. Watu walipigana mabegani, walimwaga karanga. Mimi peke yangu ndiye niliyeganda. Matilda alikuwa amejitambua. Hakuna aliyemwambia, ni kile kidole, ile mara tatu juu ya meza, na kichwa kuinama upande. Maneno hakuhitaji kupewa na mtu. Yalikuwa yake.

Shaibu, biashara ni biashara, akaruka mabenchi, akampa kipaza sauti.

"Dada, endelea hapo hapo!"

Matilda akakishika. Akasimama.

"Na usiniambie ulikutana na mtu. Kila siku unakutana na mtu. Huyo mtu hana kwao?"

"Mwambie!" akina mama wakaitikia kwa pamoja.

"Fundi, Kishindo ni wewe!" Shaibu akanipigia kelele. "Jibu, mdomo unakwenda!"

Na kweli, Kishindo pale kwenye picha alikuwa ameanza kusema. Jibu nililijua, nililifinyanga mwenyewe.

"Ni... nilikutana na mtu."

Watu walianguka. Nawaambia walianguka chini, si maneno ya kunogesha. Kichwani mwa Bi Radi zikatoka cheche tele.

Tukaenda hivyo. Yeye anauliza, mimi nadanganya, cheche zinaruka, watu wanajifuta machozi. Ugomvi wa harusi ya mdogo wake nilikolala usingizi, umo. Wa homa yake niliyokwenda kumnunulia dawa nikarudi na betri za kamera, umo. Ule wa suruali umo, na alipofika "Midomo ya nani hii?" yule mvuvi wa mbele alitolewa nje akapigwe na upepo.

Nikaona nimepona. Nikamgeukia mke wangu, nicheke naye.

Hakuwa anacheka. Macho yalikuwa yamemjaa machozi. Anayasema moja baada ya jingine, polepole, kadiri mdomo ule unavyokwenda.

Aibu ikanishika, jamani. Watu walikuwa wananishangilia, hata mgongo walinipiga, lakini aibu ikanishika mpaka miguuni. Maneno yote yale aliniambia mimi, mezani pangu, miaka yote hii. Nilikuwa nayajua yana umbo gani mdomoni. Jumamosi ile ndiyo nikayasikia. Alikuwa na homa, na mimi nikarudi na betri.

Kikabaki kipande cha mwisho. Hicho nilikitengeneza zile siku ambazo Matilda ameacha kunigombeza, kwa hiyo nilikibuni mwenyewe. Bi Radi yuko mlangoni na begi mkononi. Kishindo amelala kwenye mkeka na mguu wake ulioliwa. Bi Radi anamtazama. Analiweka begi chini. Mdomo unafunguka, unasema neno moja, picha inakwisha.

Mdomo ukafunguka. Ukasema. Sauti haikutoka.

"Kipaza sauti kimekufa!" wa nyuma wakalalamika.

"Kizima hicho!" akasema Shaibu.

Matilda alikuwa bado amesimama, anakitazama kile kitambaa cheupe cha kuonyeshea picha.

"Shaibu, rudisha nyuma kidogo."

Shaibu akarudisha. Begi chini, mdomo, kwisha.

"Tena."

Akarudisha tena. Kibanda kimeanza kutulia. Matilda akanigeukia.

"Hapa anasema nini? Hili mimi sijawahi kulisema."

"Anasema..." Nikakohoa. "Anasema, nitakaa."

"Aaaah!" watu wakafurahi, wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga kigelegele.

Matilda akangoja wamalize.

"Na Kishindo yuko wapi?"

"Amelala."

Wakacheka tena. Yeye akangoja tena.

"Sasa nani alimwuliza?"

Hakuna aliyecheka. Shaibu alikuja polepole, akakichukua kipaza sauti chake mkononi mwa mke wangu, akarudi nacho pembeni.

Nani alimwuliza? Mimi nilisema huendi popote, nikachokonoa nyusi. Halafu nikaenda kumfinyangia jibu, nikambandika mdomoni, nikaona nimemaliza. Kumwuliza sikumwuliza. Na Jumatatu ndiyo hiyo, imebaki Jumapili moja katikati.

Nikasimama. Nikamtazama mke wangu, nikafungua kinywa.

"Ewe ua la moyo wangu!" Shaibu akanguruma pembeni, mazoea yamemshinda. "Bila wewe mimi ni..."

"Shaibu, nyamaza," Matilda akasema, wala hakugeuka. "Mwache aseme mwenyewe."

Shaibu akakizima kipaza sauti. Wavuvi, bodaboda, akina mama, wote wakanigeukia, na aliyekuwa anatafuna aliacha kutafuna. Matilda ananitazama mdomoni.

Nikatafuta la kumwambia. Kila lililonijia lilikuwa la Kishindo.